Jeep Iliyolazwa kwa Docteur Mazuti

Akonkwa alikuwa na kipaji kimoja ambacho, kama kingekuwa kinapita mpakani, kingetozwa ushuru mkubwa: alipomsikia mtu analalamika, alisikia harufu ya chakula. Watu wengine wakimsikia mwenzao analia husema pole. Yeye alivuta kiti akakaa.

Siku hiyo alikuwa amevuta kiti kwa Charline, pale Ndosho, kando ya barabara. Charline anauza mazuti ya magari ya dizeli na esansi, yaani petroli, katika bidoni za njano, na Akonkwa hakuwa na gari, hakuwa na pikipiki, hata chukudu la kubebea magunia hakuwa nalo. Lakini alipenda kukaa penye mafuta, kwa sababu hapo ndipo wenye magari hufungua roho zao na, Mungu akijalia, mifuko pia.

Jeep moja kuukuu ya mazuti ikaja ikisimama kwa shida. Akashuka Papa Wenceslas, mtu wa Butembo, anayechukua maharage Kiwanja na kuyauza hapa Goma. Ubahili wake ulijulikana kuliko maharage yake. Nyumba yake, alipenda kusema, inavuja mahali pamoja tu. Ni kweli kabisa. Mahali hapo pamoja palikuwa juu ya kitanda, upande wa mke wake. Jeep ililala chini ya turubai jipya, na mkewe, Mama Kahindo, alilala amekumbatia beseni.

"Charline, mutoto yangu," alisema Papa Wenceslas, "hii mazuti yako unachanganyaka na maji? Nilijaza tanki juzi. Juzi tu! Leo mushale umelala kabisa."

"Papa, mazuti yangu iko safi. Uliza jeep yako."

"Jeep nimeiuliza kwa mafundi batatu! Wa kwanza anasema filta ya hewa imejaa vumbi ya volkano. Nikanunua filta. Wa pili anasema breki ziko nakamata hata nikiondoa muguu. Nikatengeneza breki. Wa tatu anasema pua za kurusha mazuti ndani ya injini zimezeeka. Nikabadilisha pua! Bale mafundi bote bamekula, na jeep iko naendelea kula."

Akonkwa aliinuka. Aliizunguka jeep polepole, akaweka sikio juu ya boneti, akafumba macho, akapumua kwa huzuni kama padri aliyeitwa usiku. Kisha akamshika Papa Wenceslas bega.

"Pole, papa."

"Pole ya nini?"

"Pole ya mugonjwa."

"Weye ni fundi?"

Akonkwa alitabasamu kwa huruma. "Fundi anatengeneza, papa. Miye naponesha. Banaitaka miye Docteur Mazuti."

Hakuna mtu duniani aliyewahi kumwita hivyo. Jina lilikuwa na umri wa dakika moja, nalo lilimkaa kama koti lililoshonwa kwa kipimo chake. Alipoona Papa Wenceslas bado ana wasiwasi, akaongeza uongo mwingine kidogo, wa bure, bila kujua kwamba huo ndio utakaomla.

"Hii jeep naifuata na macho tangu mwaka jana. Kila mara nikiiona inapita, najisema: Mungu wangu, hii jeep iko nakufa na mwenyewe hajue."

"Tangu mwaka jana!" Papa Wenceslas alishika kichwa. "Ni tangu mwaka jana ilianza kunywa hivi! Docteur, uje kwangu kesho."

Sasa, kabla hamjamhukumu Akonkwa, mjue shida yake. Shida yake iliitwa Joviale. Alimpenda, na sisemi hivyo kumtetea; alimpenda kiasi cha kukosa usingizi. Lakini Joviale alikuwa binti wa Papa Cirimwami, karani wa ofisi, mtu wa upande wa Bukavu kama Akonkwa mwenyewe, mtu wa tai hata siku za kulala nyumbani. Papa Cirimwami alishasema: "Siku ya kujitambulisha uje na gari yako mwenyewe, kijana. Mukwe wa kutembea na muguu sitaki. Usipokuwa na gari, usijisumbue." Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Akonkwa alikuwa amejibu kwamba gari analo, liko tu njiani. Na magari mengi, kwa hakika, yalikuwa njiani.

Kesho yake Docteur Mazuti alifika uani kwa Papa Wenceslas akiwa amevaa koti jeupe la muuza nyama, lililofuliwa vizuri. Akajiingiza chini ya jeep. Na hapa lazima tumpe haki yake: alijua kitu. Zamani Bukavu alifanya kazi ya kuosha vyuma katika gereji moja, mpaka vifaa vya gereji vilipoanza kumfuata nyumbani na mwenye gereji akamwomba apumzike.

Alichokiona chini ya jeep kilimfanya asahau maigizo.

Jeep ile ilikuwa na matanki mawili. Mwenyewe wa kwanza aliyeileta alikuwa mtu wa safari ndefu. Papa Wenceslas alipoinunua aliambiwa tanki la pili lina tundu, mshale wake umekufa, lisitiwe kitu. Akaamini, maana kutotia kitu kulikuwa jambo lililompendeza daima. Lakini injini ya mazuti ina tabia moja: pompu huipelekea mazuti mengi kuliko yale inayoyachoma, na yanayobaki hurudishwa tankini kwa katiyo, kamrija kembamba. Sasa katiyo kale ka kurudisha kalikuwa kamegeuzwa kwa robine, koki ndogo. Badala ya kurudi tanki la kwanza, mazuti yaliyobaki yalikuwa yanakwenda kutulia tanki la pili. Tanki lenyewe lilikuwa zima kama yai.

Jeep haikuwa inakunywa. Ilikuwa inaweka akiba.

"Fundi fulani mulevi alikosea robine," Akonkwa alijisemea kwa furaha. Aliona kwamba robine imepakwa grisi safi, inateleza. Aliona kwamba kifuniko cha tanki lile, kwenye gari lililojaa vumbi jeusi kila mahali, kinang'aa. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Akonkwa alikuwa na akili nyingi mno, hakuwa na nafasi ya kujiuliza.

Akatoka chini akipangusa mikono.

"Papa, niseme kweli ama nikuchunge?"

"Sema."

"Kolesteroli."

"Eh?"

"Mazuti iliyochoka. Inazunguka ndani ya injini, inazunguka, inachoka, haiungui tena, inageuka sumu. Juu ya ile sumu, jeep inaomba mazuti mupya kila saa. Lazima tutoe ile damu mubaya. Naitoa, naibeba, naenda kuimwanga mbali na batu. Kazi ya hatari, papa. Utanilipa tu kidogo ya kubeba."

Papa Wenceslas alikunja uso aliposikia neno kulipa, lakini "kidogo" lilikuwa neno alilolielewa.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Kahindo, ameshika beseni kiunoni. Alikuwa mama mnene, mtulivu, wa kikundi cha akina mama wa parokia, anayeongea polepole kiasi kwamba watu humaliza sentensi zake kwa niaba yake.

"Docteur," alisema, "na ile tanki ya pili?"

"Ile, mama? Ile ni kama apendisi. Iko tu, haina kazi."

"Kumbe."

"Hata usiiguse. Ni pale sumu inakusanyikaka."

"Kumbe," alisema tena Mama Kahindo, akaingia ndani na beseni lake.

Hivyo matibabu yakaanza. Docteur Mazuti alikuja kila asubuhi na mpira na bidoni, akanyonya mpira, akatema kwa uchungu ili Papa Wenceslas aone anavyohatarisha maisha, akajaza bidoni mazuti mazuri kabisa, akalipwa kwa kuyabeba. Kisha akayachukua moja kwa moja mpaka kwa Charline akamuuzia. Na jioni Papa Wenceslas, ambaye hakununua kwingine kwa sababu Charline alikuwa wa bei ya chini kuliko wote, alikuja akanunua mazuti yake mwenyewe, akayatia ndani ya jeep yake, na kuishukuru mbingu kwa kumletea daktari.

"Mazuti ya leo iko na nguvu, Charline."

"Naona, papa," alijibu Charline, akiangalia bidoni kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuangalia bidoni.

Kuna watu wangetosheka. Kulipwa ili uibe, kisha kumuuzia uliyemwibia, hata mashetani wangeona hiyo ni kazi nzuri na kwenda kupumzika. Lakini Jumamosi ilikuwa inakaribia, na Akonkwa akaanza kuiangalia ile jeep kwa jicho jingine.

Basi sasa niwapeleke uani Jumatano mchana, Papa Wenceslas akiwa sokoni na daktari akiwa kwa fundi cherehani anajaribu suti ya kuazima. Mama Kahindo alitoka jikoni na mpira wake. Ndiyo, mpira wake. Alikuwa nao kabla daktari hajazaliwa kazini. Akafungua kifuniko kinachong'aa cha tanki la pili, akachungulia. Kukavu. Alikaa chini juu ya jiwe, na machozi yakamtoka.

Maana robine ile haikukosewa na fundi yeyote mlevi. Mama Kahindo aliigeuza mwenyewe tangu mwaka jana, baada ya kumwomba mume wake manjanja mapya ya bati ya kuezeka nyumba na kujibiwa kwamba mvua ni baraka. Alitambua jambo ambalo wake wa mabahili hulitambua wakichelewa: mume wake asingempa kitu, lakini jeep alikuwa anaipa kila kitu. Akaamua kuomba kupitia jeep. Kila alipopata nafasi alitoa mazuti, akampelekea Charline, binti wa dada yake, naye Charline badala ya kumlipa alimnunulia manjanja, moja moja, na kuyaficha nyuma ya nyumba yake. Yalikuwa yamebaki machache tu kufunika chumba cha kulala. Na sasa mvulana wa koti la muuza nyama alikuwa anakunywa paa lake.

Angemshitaki kwa nani? Kwa mume wake? "Papa, yule mwizi ananiibia mazuti niliyokuibia"? Mama Kahindo alilia mpaka akamaliza, akajipangusa na kitenge, akainuka. Ndani alisikia tone likianguka kwenye beseni, kisha jingine. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Alilitazama lile beseni lililojaa, akalitazama tanki, akaacha kulia kabisa.

Alhamisi Docteur alikuja na uso wa msiba.

"Papa, sumu imefika kwa roho ya injini. Lazima tuilaze hospitali."

"Kuilaza jeep? Wapi?"

"Kwangu. Ijumaa mpaka Jumatatu. Inataka kutulia, isisikie kelele ya maharage."

"Na huko itakula nini?"

"Mugonjwa hakulake sana, papa."

Hilo lilimpendeza Papa Wenceslas; aliamua papo hapo kuitoa mazuti yote, abaki nayo yeye, asiache hata ya kunusa ila ya kufika hospitalini. Lakini kuitoa jeep yenyewe kulimwuma. Alikuwa anatafuta namna ya kukataa bila kulipa kitu wakati Mama Kahindo aliposema kutoka mlangoni:

"Papa Wenceslas, uache jeep iende. Nani anakatalaka mugonjwa wake dawa?"

Akonkwa alimtazama kwa shukrani. Mama mwema kama huyu! Laiti nchi ingejaa wamama kama hawa, alifikiri, kazi ingekuwa rahisi.

"Ila hakuna kuitembelea," aliongeza haraka. "Inasumbuka ikiona batu."

"Kumbe," alisema Mama Kahindo.

Kulipokucha Ijumaa, kabla daktari hajaja kuchukua mgonjwa wake, Mama Kahindo alibeba mabeseni mpaka uani na kuyamimina yote ndani ya tanki la pili: maji ya Jumatatu, maji ya Jumanne, maji ya wiki nzima ya ndoa yake. Juu yake akamwaga mazuti kidogo, kama mtu anayetia mafuta juu ya mboga. Mazuti yalielea juu, maji yakalala chini, na bomba la kunyonyea, kama kila mwenye gari ajuavyo, huwa chini.

Jumamosi Akonkwa aliamka mtu mkubwa. Suti ya kuazima, viatu vya kuazima, mbuzi wa kuazima ambaye alitakiwa arudi Jumapili, na kasie za chupa za bia alizozipata kwa ahadi. Hata mjomba alikuwa wa kukodi: mzee Mulumeoderhwa, ambaye kwa chupa moja husema ukoo wako ulikotoka, na kwa chupa mbili huongeza machifu. Hakuna kilichokuwa chake isipokuwa woga.

Alichovya kidole katika tanki la pili. Mazuti. Akanusa, akacheka, akageuza robine nyingine, ile ya kunyonyea, ili injini inywe kutoka humo. Jeep ikawaka vizuri, maana katika matiyo yake bado kulikuwa na mazuti ya kweli kidogo. Wakashuka kuelekea Himbi kwa Papa Cirimwami, mbuzi akilia nyuma, mjomba akifanya mazoezi ya ukoo mbele. Walipopita kwa Charline, Akonkwa hakuweza kujizuia. Alipunguza mwendo, akatoa kiwiko dirishani.

"Charline! Naenda kuoa! Himbi, kwa Papa Cirimwami, portaye ya bluu! Uje kula!"

"Nitawaambia na bengine," alisema Charline.

Karibu na portaye, lile geti la bluu, jeep ilikohoa. Ikakohoa tena getini, ikaruka kama mbuzi, ikaingia uani kwa msukumo wa mteremko, na kufa katikati kabisa ya viti vya wageni. Hakuna aliyejua kwamba imekufa. Watu wote waliona ni namna ya kuegesha ya mtu tajiri, wakapiga makofi. Joviale alitokea mlangoni amevaa kitenge cha rangi ya chungwa, akamwona Akonkwa, akaficha tabasamu kwa mkono.  Kwa ajili ya lile tabasamu angeiba hata treni, kama Goma ingekuwa na treni.

Mzee Mulumeoderhwa alisimama, chupa ya pili imeshashuka.

"Bazee," alisema, "mutoto wetu hatembee na muguu! Muangalie jeep! Tangu mwaka jana iko mikononi mwake. Tangu mwaka jana, mazuti yake yote ni yeye anaisimamia! Hakuna mutu mwingine ameigusa!"

Akonkwa mwenyewe ndiye aliyemfundisha sentensi hiyo, na aliridhika kuona mzee hakusahau hata neno.

Papa Cirimwami alirekebisha tai. "Vizuri. Ni kijana wa maana. Sasa, mukwe, sogeza gari kidogo, wamama bapitishe sahani."

Akonkwa aligeuza ufunguo. Jeep ilisema kitu kifupi, kisha haikusema tena.

"Iko napumzika," alisema.

"Hodi!" iliita sauti kutoka getini.

Aliingia Papa Wenceslas, amevaa koti la kanisani. Nyuma yake Mama Kahindo, na kikapu kichwani.

"Tunaomba radhi kwa sherehe yenu," alisema Mama Kahindo kwa upole. "Tumekuja kuangalia mugonjwa. Sisi Wakristu, hatuwezi kuacha mugonjwa peke yake. Nimemuletea ndizi."

"Mugonjwa gani?" aliuliza Papa Cirimwami.

"Jeep yangu," alisema Papa Wenceslas. "Docteur ameilaza. Ila sikujue kama hospitali iko na bia."

  Papa Cirimwami alimgeukia mkwe wake mtarajiwa.

"Akonkwa. Hii jeep ni ya nani?"

Hapo ndipo daktari alipojikuta ameshikwa na ndimi zake mbili, moja kila mkono. Akisema ni ya Papa Wenceslas, anampoteza Joviale. Akisema ni yake, anaiba jeep mbele ya mwenyewe. Alimtazama Joviale. Joviale hakuwa anatabasamu tena; alikuwa anangoja, macho makubwa, kama mtu anayeomba kimoyomoyo. Na Akonkwa, ambaye angeweza kumdanganya yeyote, hakuweza kustahimili macho yale.

"Ni yangu," alisema.

"Yako?" Papa Wenceslas alipanua macho.

"Yake tangu mwaka jana!" alidakia mjomba wa kukodi, mtu mwaminifu kwa kazi yake. "Na mazuti yake yote, tangu mwaka jana, ni yeye!"

Papa Wenceslas alianza kuhesabu kwa vidole. Midomo yake ilisogea. Alikuwa mtu wa maharage, lakini hesabu hii haikuhitaji mzani.

"Tangu mwaka jana," alisema polepole. "Ni tangu mwaka jana mazuti yangu inapotea. Na siku ya kwanza wewe mwenyewe uliniambia: hii jeep naifuata tangu mwaka jana. Kumbe ulikuwa unaifuata na bidoni! Mwizi! Mwizi wa mwaka muzima!"

"Hapana, papa! Ni wiki mbili tu!" alipiga kelele Akonkwa, na alipojisikia amesema nini ilikuwa imechelewa. Wageni wakaguna. Akaruka kwenye jeep akipiga tanki la pili kwa kiganja. "Si miye! Muangalie hapa! Kuna tanki ya pili, robine iligeuzwa, mazuti inajificha huku! Muulize mama! Kifuniko kinang'aa! Ni mama!"

"Miye?" alisema Mama Kahindo, akishusha kikapu cha ndizi. "Docteur, si ulisema ni apendisi?"

"Mufungue! Mutaona mazuti!"

Papa Cirimwami, mtu wa ofisi, alitaka kuona kwa macho. Mpira ulikuwa chini ya kiti. Wakauingiza mpaka chini kabisa ya tanki, wakanyonya, wakauelekeza kwenye sahani. Maji yakatoka. Maji safi, mengi, yakajaza sahani, yakamwagika juu ya viatu vya kuazima.

"Maji ya mvua," alisema Mama Kahindo kwa masikitiko. "Ile tanki iko na tundu tangu zamani, papa anajua. Inavuja kama nyumba yetu."

Papa Wenceslas aliinama. Mbele ya watu wote wa Himbi, neno lile lilimchoma kuliko wizi.

 Akonkwa alimtazama yule mama mnene mtulivu na kikapu chake cha ndizi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitambua kwamba yuko mbele ya mtu wa kazi. Mama Kahindo alimpa ndizi moja.

"Kula, Docteur. Umekonda."

Joviale alishuka ngazi akaja mpaka mbele yake. Alikuwa analia kwa hasira.

"Gari aliomba papa," alisema. "Miye sikukuombaka gari hata siku moja. Ungekuja na muguu ningebishana na papa juu yako mpaka achoke. Sasa nitabishana naye nikisema nini?"

 Akonkwa alikuwa na majibu ya mafundi, ya mapadri, ya polisi wa barabarani.  Alisimama tu na ndizi mkononi, viatu vimelowa.

Wazee walikata shauri upesi, njaa ikiwasaidia. Mbuzi na bia vitabaki kwa Papa Cirimwami, amande, faini ya kudanganya wazee ndani ya uwanja wao. Mwenye mbuzi atatafutana na Akonkwa. Mzee Mulumeoderhwa alibaki kula, akieleza kila aliyemsikiliza kwamba tangu mwanzo alikuwa na mashaka na kijana yule. Na jeep, kwa kuwa haikuweza kutembea, itasukumwa mpaka Ndosho. Papa Wenceslas alishika usukani. Mama Kahindo alikaa pembeni yake na kikapu mapajani. Nyuma, katika suti ya kuazima, juu ya mawe ya volkano, njia nzima ya kupanda, mgonjwa alisukumwa na daktari wake.

Fundi mmoja wa kawaida, asiye na koti jeupe, alimwaga maji, akasafisha matanki na filta. Robine ilirudi mahali pake asubuhi moja, haijulikani nani aliirudisha. Jeep ikapona. Ilikwenda Kiwanja na kurudi, mshale ukabaki umesimama wima, na Papa Wenceslas alipopita Kalengera alipiga honi kwa furaha bila sababu yoyote.

Lakini alishajifunza: wanaume hawaaminiki. Kuanzia siku hiyo hakuna fundi, dereva wala daktari aliyegusa pesa ya mazuti. Ilipita mikononi mwa mke wake peke yake, mama wa parokia, asiyejua hata robine ni nini. Naye Mama Kahindo alimweleza kwamba jeep bado inakunywa, ila sasa inakunywa kidogo kuliko zamani. Papa Wenceslas alifurahia hicho kidogo kilichopungua. Kilichobaki, mama alikisimamia.

Mwezi uliofuata mvua kubwa ilinyesha Goma mchana kutwa. Papa Wenceslas alikuwa kitandani anapumzika, akisikiliza ngurumo juu ya manjanja mapya yanayong'aa, yaliyopandishwa na mafundi siku alipokuwa Kiwanja. Hakuwa ameuliza yametoka wapi. Kitu ambacho hakukilipia hakuwa na desturi ya kukiuliza.

"Unaona, Mama Kahindo," alisema akijinyoosha, "nilikuambia. Ungevumilia tu, ingeacha kuvuja yenyewe."

"Kumbe," alisema Mama Kahindo, akageukia upande wake wa kitanda, mkavu kabisa, akalala.